Nanasi Kavu Kutoka Uganda Hadi Kisumu: Shajara ya Mzigo Uliokwama, Lebo Zilizotupwa na Kibali Kinachosubiriwa

6 Januari 2025: Mwanzo

Biashara yangu ya njugu mwaka jana ilinionyesha ukweli wa ule msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hii mpya naiandika tangu siku ya kwanza, na yeyote anayetaka kufuata njia hii achukue kinachomfaa.

Mpango: kununua matunda makavu Uganda (nanasi, embe na fenesi), kuyavusha mpaka wa Busia, kuyafunga pakiti za gramu 100 hapa Kisumu na kuwapa wenye maduka. Kwa nini nisikaushe mwenyewe? Nilipiga hesabu. Kilo moja ya nanasi kavu hula zaidi ya kilo kumi za nanasi bichi, na nanasi ninalolipata soko la Kibuye hapa Kisumu limeshasafiri mbali na kulipiwa njiani. Kayunga na Luweero, huko Uganda, nanasi liko shambani, na vikaushio vya jua viko hapo hapo.

Mtaji ni Sh 120,000 za Kenya. Sehemu ni akiba yangu, sehemu ni zamu yangu ya chama cha kuchangiana. Tuko wawili, mimi na shemeji yangu, ambaye ana mdomo wa kuuza na hana subira ya karatasi.

22 Januari 2025: Sampuli

Kilo tatu zimefika kwa basi kutoka kwa kikundi cha akina mama wakaushaji. Tumewaonjesha watu kazini, kanisani na stendi ya matatu. Nanasi limependwa, embe limependwa zaidi. Fenesi limegawa watu, wengine wanasema linanukia kupita kiasi. Tumeagiza kilo 60: nanasi 30, embe 20, fenesi 10. Bei ya wastani hadi Busia upande wa Uganda ni Sh 950 kwa kilo, jumla Sh 57,000.

12 Februari 2025: Busia, mzigo umekwama

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ya kwanza ilipopotea.

Nilikuwa nimesikia kwamba mfanyabiashara mdogo ana mfumo wake mwepesi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na umezalishwa ndani ya Jumuiya, unaweza kupita kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa mpakani, nao hautozwi ushuru wa forodha. Mzigo wangu ulikuwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Nikapanda matatu alfajiri, Maseno, Luanda, Ugunja, Bumala, nikiwa na uhakika kwamba saa nane mchana nitakuwa nimerudi nyumbani.

Kituo cha Busia ni cha pamoja siku hizi. Ukitoka Uganda unasimama upande wa Kenya tu, na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Kwa hiyo foleni ni moja, ila madirisha ni kadhaa. Dirisha la forodha halikunisumbua. Aliyenisimamisha ni mkaguzi wa KEPHIS, wale wanaolinda afya ya mimea.

“Mama, kibali cha kuingiza kiko wapi?”

Nikamwonyesha cheti cha uasili. Akatabasamu, tena kwa upole. “Hicho kinaniambia matunda yametoka Uganda. Hakiniambii kama yana wadudu.”

Nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Cheti cha uasili kinashughulika na ushuru. Usalama wa mimea, usalama wa chakula na ubora vina karatasi zao, na wepesi wa mfumo wa wafanyabiashara wadogo haugusi hizo. Nilitakiwa kuwa na kibali cha KEPHIS cha kuingiza mazao, kilichoombwa kwa mtandao na kutolewa kabla mzigo haujaanza safari. Muuzaji naye alitakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea kutoka wizara ya kilimo ya Uganda, kilichotolewa kwa kufuata masharti ya kibali changu. Mpangilio huo haupinduki: kibali kwanza, ukaguzi kule kwao, cheti, halafu safari. Mimi nilikuwa nimeanza na safari.

La pili lilitoka kwa wakala wa forodha niliyemtafuta pale pale nikiwa nimeshachanganyikiwa. Kwenye ankara, aliyeniandikia kule alikuwa ameweka vitu vyote chini ya namba ya forodha 0813, kwa sababu kichwa cha namba hiyo kinasema “matunda makavu”. Ukikisoma hadi mwisho utaona kinasema matunda makavu mengine, yasiyo yale ya 0801 hadi 0806. Embe na nanasi viko 0804, vikiwa vibichi au vikavu, hakuna tofauti. Ndizi ni 0803, mbichi au kavu. Katika mzigo wangu ni fenesi peke yake lililostahili 0813. Na kama ningeyachanganya matunda yote kwenye pakiti moja, mchanganyiko huo wa matunda makavu una namba yake, 0813.50. Ankara ikisema kimoja na cheti kikisema kingine, karatasi zote zinatiliwa shaka, hata zile zilizo sawa.

Mzigo usio na karatasi hurudishwa au huharibiwa kwa gharama ya mwenyewe. Nilikubali kurudisha. Jamaa wa mmoja wa wale akina mama ana stoo upande wa Uganda, tukauweka huko. Usiku huo nililala Busia. Mwenye baiskeli mmoja, aliyekwisha kusikia habari zangu sijui kutoka wapi, alikuja kuniambia kuna njia ya panya, Sh 1,500 tu na kabla ya chai magunia yatakuwa Kenya. Sitajifanya malaika, nilifikiria. Kilichonizuia ni hesabu na si utakatifu: bidhaa iliyopita porini haina karatasi hata moja ya kumwonyesha mwenye duka, na duka ninalolitaka mimi litaziuliza.

Hasara: nauli Sh 1,000, mkokoteni Sh 600, chumba Sh 1,200, stoo Sh 1,500, wakala Sh 3,000. Jumla Sh 7,300.

4 Machi 2025: Mzigo umeingia

Mara hii kibali kilitangulia, muuzaji akakaguliwa na kupata cheti chake, ankara ikaandikwa upya kwa mistari mitatu yenye namba zake. Tulimaliza kabla ya saa sita mchana. Karatasi za pande zote mbili zimenigharimu Sh 4,000, wakala Sh 3,500, gari la mzigo hadi Kisumu Sh 2,400, nauli yangu Sh 1,000. Ukijumlisha na ya Februari, kilo moja imefika nyumbani kwa Sh 1,253. Bila lile kosa ingekuwa Sh 1,132.

18 Machi 2025: Lebo ya kwanza

Mifuko 600 ya kusimama, Sh 14 kila mmoja. Mashine ya kubana mifuko kwa moto tunayo tangu enzi za njugu. Lebo 1,000 za rangi kwa Sh 9 kila moja, jumla Sh 9,000. Maneno aliyatunga shemeji. Tumefungasha na kupeleka kwenye maduka matatu, zikiwemo pakiti 41 za embe. Jirani ameniambia lebo inavutia kuliko za viwandani.

2 Aprili 2025: Lebo yote imekataliwa

Nilikwenda ofisi ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hapa Kisumu kuuliza jambo moja tu: alama ya ubora. Nilijua kwamba chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na ubora, nchi wanachama zinatambuliana alama. Bidhaa yenye alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, haianzi upya Kenya. Kwa hiyo nilitaka kujua kama alama ya Uganda inanitosha.

Ofisa aliuliza swali ambalo ndilo limebeba mradi huu mzima: “Hiyo pakiti imefungwa na nani?”

Nimeifunga mimi. Basi hata kama kikundi kingekuwa na alama (na hakina, niliuliza baadaye), alama hufuata bidhaa kama ilivyofungwa na mwenye kibali, kiwandani mwake. Siku ninapofungua gunia la kilo kumi jikoni kwangu na kugawa gramu mia mia chini ya jina langu, mimi ndiye mzalishaji machoni pa sheria. Chumba changu ndicho kinachokaguliwa, mizani yangu ndiyo inayopimwa, na kibali cha kutumia alama ya KEBS lazima kiwe cha kwangu. Kuuza kabla ya hapo ni kosa. Nilikuwa nimeshauza wiki mbili.

Kisha akaichukua lebo. Sikuwa nimemwomba, lakini namshukuru. Kiwango kinachotawala lebo za vyakula vilivyofungashwa ni KS EAS 38, na lebo yangu ilikiuka karibu kila mstari:

“Imetengenezwa Kisumu.” Tunda limekua Uganda na kukaushwa Uganda. Nchi ya asili lazima iandikwe, na kufunga pakiti hakuibadilishi.

“Haina sukari.” Nanasi kavu lina sukari nyingi, ya kwake lenyewe. Kinachoweza kusemwa, kikiwa kweli, ni kwamba haijaongezwa sukari.

“Inafaa kwa wenye kisukari.” Hapa ofisa alivua miwani. Chakula hakitangazwi kama tiba wala kinga ya ugonjwa. Shemeji alikuwa ameyaandika hayo kwa nia njema, mama yake ana kisukari naye anapenda embe.

“100gms.” Alama ya gramu ni g, haina s, haina m.

“Exp 05/06/25.” Tano Juni au sita Mei? Mwezi uandikwe kwa herufi, na tarehe ya kutengenezwa iwepo.

Namba ya fungu haikuwepo kabisa. Anwani ilikuwa sanduku la posta na namba ya simu, bila mahali mtu anapoweza kufika. Maelekezo ya kuhifadhi, hakuna. Lugha haikuwa tatizo, Kiswahili kinakubalika sawa na Kiingereza, ila nilikuwa nimeandika jina la tunda kwa Kiingereza na viungo kwa Kiswahili, kana kwamba ni pakiti mbili zimegongana.

“Hakuna kemikali.” Hili aliliacha na alama ya kuuliza. “Umepima?” Sikuwa nimepima.

Nimezunguka maduka yote matatu na kurudisha pesa. Pakiti za embe nimepata 23 kati ya 41. Lebo zilizobaki ni zaidi ya mia saba, watoto wa shemeji wanachorea upande wa nyuma.

25 Aprili 2025: Ukungu

Mvua za masika zimeshika. Wakati nahangaika na lebo, magunia yalikaa chumba cha nyuma, mtaa wa Manyatta, mdomo umefungwa kwa kamba. Leo nimefungua la nanasi nikakutana na harufu ya pombe. Vipande vya juu vinanata, vya pembeni vina manyoya ya kijivu. Nimetenga kilo 11 na kuzitupa, Sh 13,783 ukihesabu kwa bei ya kufika nyumbani. Shemeji alishauri tukate yaliyooza tuanike mengine juani. Nilikataa. Kuvu wengine huacha sumu ambayo jua haliondoi, na Kenya haihitaji kukumbushwa habari hizo: mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125, hasa huko Ukambani. Tunda si hindi, lakini sitaki kuwa mtu wa kujaribu.

Kosa lilikuwa la kijinga. Tunda kavu hunywa unyevu wa hewani kama sifongo, na hewa ya kando ya ziwa mwezi wa nne ina wa kumwaga. Kamba haizuii hewa. Marekebisho: mfuko mzito wa plastiki wa ndani unaobanwa kwa moto, ndoo zenye mfuniko wa kukaza, mbao chini ili zisiguse sakafu, na kipimajoto chenye kuonyesha unyevu wa hewa ukutani (Sh 1,200). Kinasoma juu ya asilimia 75.

19 Mei 2025: Majibu ya maabara

Sampuli tatu, vipimo vya unyevu, maji huru, vimelea na salfaiti (dawa ya kuhifadhi chakula). Sh 21,000. Nililia kidogo kulipa, lakini hii ndiyo pesa iliyofanya kazi kuliko zote.

Unyevu nilikuwa nikiuelewa, asilimia ya maji ndani ya tunda. “Maji huru” nilijifunza siku hiyo. Ni kipimo cha kati ya 0 na 1 kinachoonyesha ni kiasi gani cha maji hayo kimebaki bila kushikwa na sukari, kiasi kwamba kuvu na bakteria wanaweza kukitumia. Maji matupu ni 1. Chini ya 0.60 hakuna kimelea kinachoota. Embe langu 0.57, fenesi 0.55, nanasi lililosalia 0.68. Kwa maneno mengine nanasi lote lilikuwa njiani kuelekea kule walikokwenda wenzake wa kilo 11, hata lile nililoliona zuri. Kikundi nimekiomba kisikaushe hadi “likauke” tu, kikaushe hadi kipande kikipindwa hakitoi tone na kikibanwa na kingine hakigandi, kisha kilaze matunda kwenye chombo kilichofungwa siku kadhaa ili unyevu usawazike kabla ya kujaza gunia.

Vimelea, salama.

Halafu embe. Salfa dioksidi, ambayo ndiyo kipimo cha salfaiti, miligramu 140 kwa kilo.

Nilipiga simu Uganda huku nikitetemeka. Mwenyekiti wa kikundi aliapa hawatumii dawa. Baada ya siku mbili alinipigia mwenyewe, sauti imeshuka. Mwanachama mmoja alikuwa akichovya vipande vya embe kwenye maji ya sodiamu metabisalfaiti kabla ya kuvianika ili rangi isigeuke kahawia. Hakuona kama ni “dawa”, maana aliinunua dukani pamoja na vifaa vya kuoka mikate. Na mimi, tuseme ukweli, nilikuwa nimelisifu embe hilo kwa ung'avu wake wa manjano bila kujiuliza umetoka wapi. Embe lililokauka bila chochote hupoteza ung'avu huo.

Kisheria kiasi chenyewe si kikubwa. Kodeksi, viwango vya chakula vya kimataifa, inaruhusu salfaiti hadi miligramu 1,000 kwa kilo katika matunda makavu ya aina hii. Lakini kuanzia miligramu 10 kwa kilo lazima itajwe kwenye lebo, kwa sababu kuna watu, hasa wenye pumu, ambao salfaiti huwabana kifua. Mimi nilikuwa na mara kumi na nne ya kiasi hicho, chini ya maandishi “Hakuna kemikali”. Zile pakiti 18 ambazo sikuzipata mwezi wa nne zimeshaliwa na mtu. Nimewaambia wenye maduka yote matatu waziwazi. Mmoja hajanunua kwangu tena.

Tumekubaliana na kikundi: embe la kuchovya liwe gunia lake lenye alama nyekundu, la asilia liwe lake, na kila gunia lije na karatasi ya nani alikausha na lini. Bei ya la asilia imepanda Sh 60 kwa kilo kwa sababu vipande vibaya vinachaguliwa na kutolewa.

12 Juni 2025: Lebo ya tatu, na mizani

Lebo ya pili sikuichapisha, niliibandika ukutani ukubwa wa karatasi nzima na kumpa kila anayeingia kalamu nyekundu. Ya tatu inasomeka hivi, kwa embe la kuchovya:

Embe Kavu. Viungo: embe, kihifadhi (sodiamu metabisalfaiti, INS 223). Ina salfaiti. Uzito halisi 100 g. Zao la Uganda. Limefungashwa na (jina langu, mtaa, Kisumu, Kenya). Namba ya fungu. Tarehe ya kufungashwa. Bora kabla ya. Hifadhi mahali pakavu na baridi. Ukishafungua, funga vizuri.

Haina mvuto wa ile ya kwanza. Shemeji anasema inasomeka kama hati ya kiwanja.

Nimechapisha 200 tu, Sh 13 kila moja. Ghali kwa moja moja, rahisi kwa kutupa.

Mizani: ya jikoni niliyokuwa nikitumia ilikuwa haina muhuri wa idara ya vipimo na mizani, ambao sheria ya Sura 513 inautaka kwa mizani yoyote ya biashara. Tulipoilinganisha na mawe ya kupimia ya mkaguzi, pakiti zangu za “gramu 100” zilikuwa kati ya 94 na 97. Nimenunua mpya, Sh 8,500, ikakaguliwa na kugongwa muhuri.

Vyeti vya afya vyetu sisi wawili vimetoka, hivyo vinarudiwa kila miezi sita. Leseni ya kaunti nilikuwa nayo.

10 Julai 2025: Njia ya pembeni

Ombi la KEBS limeingia na foleni ni foleni. Maduka hayangoji. Kwa hiyo nimefungua njia ya pili: mzalishaji mwingine wa Uganda mwenye alama ya UNBS, anayefunga pakiti za gramu 100 kiwandani kwake. Nanunua zikiwa zimefungwa, nauza zikiwa zimefungwa. Sigusi kitu.

Pakiti 240 kwa Sh 165, jumla Sh 39,600. Gharama za kuvusha na kusafirisha Sh 9,000. Pakiti imefika kwa Sh 202.50, dukani nauza Sh 230. Faida Sh 27.50. Kwa pakiti ninayofunga mwenyewe, tunda, mfuko na lebo hazifiki Sh 160, ndiyo maana sijaacha ombi langu hata baada ya yote haya.

Hata hapa nilipata la kukosea. Duka lilitaka jina la mwagizaji lionekane, nikatengeneza stika ndogo na kuibandika pale palipokuwa wazi, kona ya chini. Pakiti ya tisini hivi ndipo nilipogundua kona ile haikuwa wazi: namba ya fungu na tarehe huchapwa hapo kwa wino hafifu. Nilikuwa nimefunika kitu pekee ambacho kingenisaidia kurudisha pakiti kama kungetokea shida. Jioni nzima imeisha kwa kubandua kwa kikaushia nywele. Stika sasa inakaa mgongoni.

Duka jingine liliomba msimbo wa mistari (barcode). Pakiti hizi tayari zinao wa mzalishaji. Muuzaji alisita kwa sababu hauanzi na 616, akidhani kwamba 616 ni uthibitisho wa bidhaa ya Kenya. Tarakimu hizo zinaonyesha tu namba ilisajiliwa kupitia nchi gani. Unaweza kuwa na 616 juu ya tunda la Uganda, nami nitakuwa nayo siku moja.

28 Agosti 2025: Wakaguzi wa KEBS wamekuja

Saa mbili na nusu kamili. Wamepita chumbani: dari, wavu wa dirisha, sinki la mikono, daftari la magunia. Walipenda daftari. Hawakupenda mlango wa choo unaotazama korido ya chumba cha kufungashia, na wametaka kuwe na mlango wa pili katikati. Fundi ameniambia Sh 11,000. Wamechukua pakiti za nanasi na embe kwa ajili ya maabara.

Hadi leo makosa yenye risiti, yaani Busia, lebo na ukungu, yamefika Sh 30,083, nje ya mlango huu. Zile pakiti 240 zimebaki 31. Kikundi kimenitumia picha ya magunia mapya, nyekundu upande mmoja, meupe upande wa pili, na kibali cha KEPHIS cha mzigo huo kimetoka jana. Magunia bado yako Kayunga.